Antena Isimikwe Wapi? Maneno ya Redio katika Vyombo Vidogo vya Majini

Mfasiri akabidhiwapo kijitabu cha maelekezo ya redio ya chombo cha majini, aghalabu hudhani kwamba taabu yake itakuwa katika maneno ya kitaalamu. Hafiki mbali kabla ya kuona kuwa sivyo. Wati, volti, megahezi na betri ni maneno yaliyokwisha kuzoeleka, na fundi wa Sumbawanga huyatamka bila kusita. Yatakayomtaabisha ni maneno aliyoyajua tangu utotoni: wimbi, masafa, funga, ardhi, juu, faida. Kila moja la maneno hayo lina kazi yake ya kale katika Kiswahili, na kila moja limeongezewa kazi mpya na watu wa redio. Katika chombo cha majini kazi hizo mbili hukutana, mara nyingine katika sentensi moja.

Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hilo kwa kutumia kazi moja ndogo, nayo ni kuchagua mahali pa kusimikia antena katika chombo kidogo. Ili tusizungumze hewani, tumweke mtumiaji wetu Mtowisa. Tumeichagua Mtowisa kwa sababu mbili. Kwanza, iko mbali na pwani, na msamiati wa vyombo uliomo katika kamusi zetu ni wa pwani. Tutaona ni kwa kiasi gani unamfaa mtu wa Ziwa Rukwa. Pili, sura ya nchi ya huko inafundisha habari za mawimbi ya redio kuliko picha yoyote ya kitabuni.

Mtowisa imo katika Mkoa wa Rukwa, bondeni, chini ya uwanda wa juu wa Ufipa. Atokaye Sumbawanga mjini, penye kimo cha kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, huteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa mpaka Muze, kisha hulifuata bonde. Ziwa lenyewe liko kwenye kimo cha mita 800 hivi. Ni ziwa la magadi, halina mto utokao, na ufuko wake husogea mbele na nyuma kwa kadiri ya mvua za miaka. Maji yake hayana kina kirefu, na ziwa la namna hiyo likipigwa na upepo wa ghafla huinua mawimbi mafupi yanayofuatana upesi, ambayo ni mabaya kwa mtumbwi kuliko mawimbi marefu ya bahari. Mvuvi aliyetoka kutafuta magege akapatwa na upepo huo hana msaada ila ule anaoweza kuuita. Neno moja lililofasiriwa kombo katika karatasi ya maelekezo laweza kumfanya aisimike antena mahali pasipofaa, naye hatalijua kosa hilo siku ya shwari, maana siku ya shwari huwa anazungumza na wenzake walio karibu. Atalijua siku ya dhoruba, atakapoita asisikiwe.

Hapana istilahi njema pasipo kukielewa kitu kinachoitwa, kwa hiyo tuanze na kitu chenyewe.

Redio zinazotumiwa na vyombo kwa mazungumzo ya karibu hutumia mawimbi yaliyo kati ya megahezi 156 na 162. Chaneli 16, ambayo kwa mapatano ya mataifa ni ya kuitia na ya hatari, iko kwenye megahezi 156.8, na urefu wa wimbi lake ni mita 2 kasoro kidogo. Ndiyo maana antena ya nusu wimbi huwa na urefu wa mita moja hivi. Mawimbi haya hayafuati mviringo wa dunia wala hayarudishwi na anga kama yale ya masafa mafupi. Huenda karibu sawasawa kama mwanga wa taa. Penye mlima hukatika, na yanapofika mahali ambapo uso wa maji umejikunja chini ya upeo wa macho, huendelea angani na kuviacha vyombo vilivyo chini.

Kutokana na hayo yako makadirio mepesi ambayo mwalimu yeyote wa hesabu anaweza kuyafundisha. Chukua kimo cha antena juu ya maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1, jawabu ni kilomita ambazo wimbi litakwenda mpaka kwenye upeo wake. Antena iliyo mita 1 juu ya maji inafika kilomita 4.1. Ikiinuliwa mita 4 inafika kilomita 8.2. Kama anayesikiliza naye ana antena iliyoinuka, kilomita zake huongezwa: kituo cha nchi kavu chenye mlingoti wa mita 16 kina kilomita 16.4 zake, basi mtumbwi wenye antena ya mita 4 utasikika kutoka umbali wa kilomita 24 na ushei. Mitumbwi miwili yenye antena za mita moja moja haitasikilizana zaidi ya kilomita 8, hata kama kila mmoja umenunua redio ya wati 25. Watu wengi huona ajabu kwamba nguvu ya redio haisaidii sana hapa. Lakini taa kali haimulikii nyuma ya kilima.

Sasa mtazame ukingo wa Ufipa. Tuseme kituo kingewekwa juu ya ukingo, mita 900 juu ya ziwa. Kipeuo cha pili cha 900 ni 30, na upeo wake ni kilomita 123. Mtu aliyesimama mahali hapo siku ya anga safi huliona ziwa mbele yake, na alionalo jicho, wimbi hulifikia. Kinyume chake, mtu aliye Mtowisa bondeni, mwenye redio ya mkononi ya wati 5, hawezi kuzungumza na mwenzake wa Sumbawanga mjini kwa mawimbi haya, ijapokuwa mwendo wenyewe si mrefu, kwa kuwa ukingo wote umesimama katikati yao. Ukimweleza mwanafunzi wa Mtowisa habari hii kwa kumwonyesha ukingo ulio nyuma ya shule yake, hutahitaji kuchora ubaoni.

Habari za kitu ni hizo. Tuje kwenye maneno.

La kwanza na lililo gumu kuliko yote ni masafa. Asili yake ni mwendo, umbali kati ya mahali na mahali: safari ya masafa marefu. Redio zilipoenea, tulisema masafa marefu, masafa ya kati na masafa mafupi, na hapo neno lilishika maana ya urefu wa wimbi. Baadaye vituo vya utangazaji vilianza kujitaja kwa megahezi, na watangazaji wakasema tunasikika katika masafa ya megahezi kadhaa. Hapo neno limeshika maana ya idadi ya mitetemo kwa nukta moja, yaani kitu kinachokwenda kinyume na urefu wa wimbi, kwani mitetemo ikizidi wimbi hupungua urefu. Basi leo masafa mafupi yana masafa makubwa, nayo ndiyo yasikikayo kutoka masafa ya mbali. Sentensi hiyo ni sahihi kabisa na haimfai mtu yeyote.

Katika kijitabu cha redio ya chombo maana zote tatu zinahitajika, tena katika sura moja. Mfasiri akiandika, «Kuinua antena huongeza masafa», msomaji mmoja ataelewa kuwa atasikika mbali zaidi, na mwingine atadhani kwamba redio itahama kutoka chaneli yake. Maoni yetu ni kwamba masafa yaachwe kwa maana ya mitetemo, na kila mara yafuatwe na megahezi ili yasipotee. Majina ya kale kama masafa mafupi yabaki kama yalivyo, kwa kuwa hayo sasa ni majina tu. Urefu wa wimbi uitwe urefu wa wimbi. Na umbali uitwe umbali wa kusikika. Wako watakaolalamika kwamba kulinyima neno maana yake ya asili ni kuionea lugha. Lakini hatulinyimi popote ila ndani ya kijitabu hiki. Mshairi na msafiri waendelee nalo.

Wimbi nalo lina mashaka yake, ijapokuwa si makubwa. Redio ina mawimbi na ziwa lina mawimbi. «Antena iwekwe mahali ambapo mawimbi hayatazuiwa» ni maagizo mema mezani kwa mfasiri, lakini mvuvi aliye katika mtumbwi ulioelemewa na maji husoma neno mawimbi akaona maji. Dawa yake ni rahisi: wimbi la redio litajwe kwa jina lake lote, mawimbi ya redio, kila litokeapo, hata kama mfasiri anaona uzito kurudia. Maandishi ya usalama hayachoki kurudia. Mtindo unaosifiwa katika insha, wa kutorudia neno moja mara mbili, ni hatari katika maelekezo ya ufundi. Fundi akikuta maneno mawili hutafuta vitu viwili.

Kitu chenyewe tukiiteje? Wako wasemao eriali, wako wasemao waya wa redio, na wako wasemao antena. Waya wa redio lilikuwa jina la haki katika siku ambazo watu walitandaza waya kutoka dirishani mpaka juu ya mti. Katika chombo halifai, kwa sababu iko waya nyingine inayotoka katika redio kuifuata antena, na nyingine tena zinazotoka katika betri. Kipapasio ni neno zuri, lakini limekwisha kupewa wadudu, na kitendo cha kupapasa sicho kitendo cha chombo hiki. Antena inaelekea kushinda, nasi hatuoni sababu ya kuizuia. Inafuata matamshi yetu, na wingi wake hauleti shida.

Waya inayoiunganisha antena na redio si waya ya kawaida. Ina kiini cha shaba, kisha utando wa plastiki, kisha ganda la nyuzi za shaba zilizosukwa, kisha ngozi ya nje. Mafundi wengi huita waya ya antena, na jina hilo latosha ikiwa mfasiri atalieleza mara moja mwanzoni. Asiseme wavu wa shaba kwa lile ganda lililosukwa. Mbele ya wavuvi wavu ni wavu. Jambo linalopaswa kusisitizwa katika maelezo ni unene na urefu. Waya hii hula nguvu ya redio njiani. Iliyo nyembamba, ikiwa na urefu wa mita 15, hula karibu nusu ya nguvu yote; iliyo nene zaidi, kwa urefu uo huo, hula chini ya theluthi. Kwa hiyo anayeinua antena juu sana kwa kutumia waya mwembamba na mrefu hupoteza kwa mkono mmoja baadhi ya alichopata kwa mwingine. Katika mtumbwi wa mita saba au nane hasara si kubwa, maana waya hauhitaji kuzidi mita chache, lakini mtu asiuache uliobaki ukazungushwa kitita chini ya kiti. Aukate kwa kipimo.

Tufike katika kitenzi. Lugha za wenye viwanda hutumia neno moja kwa kuweka kitu mahali pake kikakaa. Sisi tunayo mengi, na uteuzi wake una maana. Kuna kufunga, kupachika, kutundika, kuangika, kusimika. Kufunga ndiko kunakotumiwa zaidi na mafundi: wanafunga injini, wanafunga taa, wanafunga redio. Lakini nyumbani, kufunga redio ni kuizima. Fikiri juu ya maagizo yasemayo, «Funga redio kabla ya kugusa antena.» Fundi ataelewa kuwa redio iwekwe kwanza mahali pake, kisha ndipo aishughulikie antena. Aliyeandika alitaka izimwe, ili mtu asishike antena wakati mwenzake anazungumza. Basi kuzima kuwe kuzima, na kufunga kubaki kwa kamba na skrubu.

Kutundika na kuangika ni kubaya zaidi, kwa kuwa kinachotundikwa huning'inia. Antena hizi hazina budi kusimama wima. Antena iliyolala hutoa mawimbi ya redio ya mlalo, na antena iliyo wima upande wa pili huyapokea kwa udhaifu mkubwa. Hasara yake yaweza kuwa kama kuipunguza redio ya wati 25 mpaka wati moja au chini ya hapo. Mtu aliyeambiwa aitundike atafanya kama alivyoambiwa, ataitundika kwenye kamba, na ataona kuwa redio inasikika vizuri gatini. Kusimika ndilo neno letu. Wapwani husimika mlingoti. Nguzo ya nyumba husimikwa. Mtawala naye husimikwa. Daima kuna kitu kilichosimama wima na kikathibitika. Hapa Kiswahili kimelipita neno la asili, maana kitenzi kimoja kimebeba maagizo mawili, la kuiweka na la kuiweka wima, na mfasiri asingepaswa kuitupa bahati hiyo.

Isimikwe wapi, basi? Maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa mashua za matanga husema ncha ya mlingoti. Jahazi la Unguja lina mlingoti, lakini mtumbwi au boti ya mbao yenye mashine ya nyuma huko Rukwa hauna. Mfasiri akiandika «mlingotini», mtu wa Mtowisa atafikiria mlingoti wa bendera ulio mbele ya ofisi ya kata. Hapo hapana budi kutaja kitu kwa kukieleza: nguzo ya antena, yaani mti au bomba lililosimikwa kwa ajili hiyo tu. Aidha kiambishi -ni hakitoshi peke yake. «Mlingotini» kwaweza kuwa shinani, katikati au kileleni, na tofauti ya shinani na kileleni tumekwisha kuipima kwa kilomita. Kiswahili kimejaliwa ngeli tatu za mahali, yaani pa, ku na mu, nazo zitumike: «kileleni pa nguzo» hapana shaka, «juu ya nguzo» pana shaka kidogo, kwa sababu juu yaweza kuwa upande wa juu tu, na «kwenye nguzo» hapana maana yoyote.

Tezi na omo ni fundisho jingine. Kila mwanafunzi wa shule amesikia kwamba hata ukienda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ni wangapi kati yao wajuao kwamba omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, na ngama ni tumbo lake? Bara, tezi ni uvimbe au kiungo cha mwili, na mtu akisoma «antena isiwekwe karibu na mashine iliyo tezini» aweza kudhani kuwa mwandishi amechanganya karatasi na za hospitali. Shetri linajulikana kwa wachache zaidi. Hatupendekezi maneno haya yaachwe. Ni mali yetu, na fundi wa chombo wa Rukwa ana haki ya kuyapata kama wa Pemba. Lakini yaingizwe yakiwa yamefuatana na maelezo, walau mara ya kwanza: omo, yaani mbele ya chombo. Na katika maagizo ya hatari, ambako mtu husoma mstari mmoja tu, yaandikwe mbele na nyuma.

Lipo kosa moja linaloweza kumnasa mfasiri mwenye elimu kuliko asiye nayo. Akitafuta maneno ya kutaja pande mbili za chombo, atakumbuka joshini na demani, naye atafurahi kuwa amepata maneno ya mabaharia wenyewe. Lakini joshini ni upande utokako upepo, na demani ni upande uendako. Chombo kikigeuka, pande hizo hubadilishana. Antena iliyoagizwa ikae demani ingehitaji kuhamishwa mara kumi kwa siku. Tuseme kulia na kushoto, na tueleze kuwa ni kwa mtu aliyeuelekeza uso wake mbele ya chombo. Bila nyongeza hiyo nahodha aketiye nyuma akiitazama mashine atakuwa na kulia kwake.

Kuhusu mahali penyewe, katika chombo kidogo mambo hushindana. Kimo kinatakiwa, lakini nguzo ndefu na nzito huyumbisha chombo. Mita tatu au nne juu ya maji ni kadiri ya haki. Nyuma ni karibu na betri na nahodha, lakini mashine ya petroli hutoa cheche zinazoleta mkwaruzo katika redio. Mbele ni mbali na mashine, lakini ndiko kunakopigwa na maji, na maji ya magadi hula viungio vya metali upesi. Upande unaotupiwa nyavu haufai kabisa. Mara nyingi pa kufaa ni nyuma kidogo ya katikati, upande ambao nyavu hazipitii, mbali na nguzo nyingine za metali, na pasipo mtu kukaa ubavuni pake wakati wa kuzungumza. Kama chombo kina dira, redio yenyewe, kwa sababu ya sumaku iliyo katika spika yake, iwe umbali wa mita moja au zaidi.

Ardhi. Wafundi wa umeme husema waya wa ethi, na vitabu vikatafsiri ardhi. Antena nyingine fupi, za robo wimbi, hutaka bamba la metali chini yake, kama paa la gari, ndipo zifanye kazi. Na maelekezo yake huliita bamba hilo kwa neno la ardhi. Katika mtumbwi wa mbao hakuna ardhi wala bamba. Mfasiri asilifasiri neno, aifasiri kazi: «Antena hii huhitaji bamba la metali chini yake. Katika chombo cha mbao tumia antena ya nusu wimbi, isiyohitaji bamba.» Mstari huo mmoja ungewaokolea watu fedha nyingi. Jambo la radi ni jingine, nalo lina jina lake, kingaradi. Yasichanganywe ati kwa sababu yote mawili yaliitwa ardhi na mwandishi wa mwanzo. Wingu likiwa juu ya ziwa, nguzo ya antena ndicho kitu kirefu kuliko vyote.

Limebaki neno ambalo kwa maoni yetu linahitaji kujadiliwa na Baraza zaidi ya mengine. Antena hupimwa kwa desibeli, na kipimo hicho mara nyingi hufasiriwa kuwa faida: antena yenye faida ya desibeli 3, ya 6, ya 9. Mnunuzi yeyote mwenye akili akiambiwa kwamba ipo yenye faida ya 3 na yenye faida ya 9 atanunua ya 9. Katika meli kubwa isiyoyumba atakuwa amefanya vema. Katika mtumbwi amejidhulumu. Antena haiumbi nguvu. Huichukua ile iliyopewa na kuielekeza. Karabai hutawanya mwanga pande zote, na tochi huukusanya ukaenda mbali lakini kwa upana mdogo. Antena ya 9 huyabana mawimbi ya redio katika ukanda mwembamba ulio sambamba na maji. Chombo kidogo kikilala ubavu, ukanda huo hupiga majini upande mmoja na mawinguni upande wa pili, na kituo cha nchi kavu husikia neno, kikakosa neno. Antena ya 3 ina ukanda mpana unaovumilia kuyumba. Kwa hiyo faida ni jina linalodanganya. Tumefikiria ukuzaji, lakini nalo ladai kuwa kitu kimekuzwa. Tunapendekeza ulengaji, kutokana na kulenga: mtu akilenga sana, shabaha hupatikana akiwa ametulia, na hukosekana akiwa anayumba. Mvuvi aliyewahi kurusha mkuki kutoka mtumbwini hahitaji maelezo ya ziada. Wasomaji wenye neno lililo bora walete.

Yako pia maneno ambayo mfasiri hapaswi kuyagusa. Neno la kuomba msaada lisemwalo mara tatu redioni, Mayday, lilitokana na matamshi ya Kifaransa ya «nisaidieni», nalo hutumiwa na mataifa yote. Ziwa Rukwa ni letu peke yetu, lakini mvuvi wa Kasanga, upande wa pili wa Ufipa, yuko katika Ziwa Tanganyika, lenye nchi nne kandokando yake, na asikiaye mwito wake huenda hajui Kiswahili. Neno hilo liandikwe lilivyo, na matamshi yake, meidei, yaonyeshwe kando. Kwa upande mwingine, jina simu ya upepo, ambalo wazee na askari wengi walilitumia kwa redio ya kupokea na kujibu, tungependa lirudi. Linaitenga redio hii na ile ya kusikilizia taarifa ya habari, na linamkumbusha mtu kwamba hana budi kungoja zamu yake ya kusema.

Kwa kuonyesha jinsi maneno hayo yanavyokaa pamoja, tunaweka hapa kipande cha maelekezo kama ambavyo tungekiandika sisi, kwa chombo cha mbao cha mita saba chenye mashine ya nyuma:

«Tumia antena ya nusu wimbi yenye ulengaji wa desibeli 3. Simika nguzo ya antena nyuma kidogo ya katikati ya chombo, upande usiotupiwa nyavu. Simika antena kileleni pa nguzo, wima, kilele chake kikiwa mita tatu au nne juu ya maji. Pitisha waya ya antena kwa njia fupi mpaka kwenye redio, mbali na waya za mashine. Kata iliyozidi. Ziba viungio vyote maji yasiingie, na vikague kila mwezi. Zima redio kabla ya kugusa antena. Kwa kujaribu, mwite mwenzako katika chaneli ya kazi, si katika chaneli 16, naye awe mbali kiasi cha kilomita tano. Kisha geuza chombo polepole mzunguko mzima huku ukizungumza. Akikupoteza chombo kinapoelekea upande fulani, kuna kitu cha metali kinachoikinga antena upande huo.»

Katika kipande hicho neno «kinachoikinga» lilizua mjadala kati ya wenzetu waliokisoma, kwa kuwa kukinga ni pia kulinda, na mmoja wao alielewa kwamba metali hiyo inaisaidia antena. Tumeliacha kwa sasa. Anayeona «kinachoizuia» au «kinachoifunika» linafaa zaidi atuandikie, akitaja na mahali anapotoka, maana yawezekana kuwa jawabu la mtu wa Mafia si la mtu wa Mtowisa.